Huyu mbwa wa nani?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, wanaotembea kwa miguu miwili na wanaotembea kwa minne. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na kila anayeifuata njia yake mpaka siku ya mwisho.

Wiki hii nakusudia kuzungumza jambo ambalo wengine wataliona dogo, tena pengine watashangaa kwa nini limepewa nafasi kwenye gazeti la dini. Nataka tuzungumze juu ya mifugo tunayoishi nayo mitaani: mbwa, paka, mbuzi na ng'ombe. Nataka tuzungumze pia juu ya sheria ndogo za mabaraza ya miji zinazohusu mifugo hiyo, ambazo kila mtu anazijua siku zinapomkamata jirani, na kila mtu anazisahau siku zinapomkamata yeye.

Hapa Pemba niliko, lipo swali linaloulizwa kila siku na halipati mjibuji. Huyu mbwa wa nani? Usiku anapolinda konde la muhogo lisiingiliwe na nguruwe mwitu, mwenyewe anajulikana. Ana jina, akiitwa anakuja, akipigwa mwenyewe anatoka na maneno makali. Lakini siku akimng'ata mtoto anayekwenda chuoni na juzuu yake mkononi, mwenyewe hayupo. Utaambiwa amejileta tu, utaambiwa ni wa jaani, utaambiwa alikuwa wa fulani aliyehama. Na mbuzi naye ni vivyo hivyo. Siku ya Idi ana mwenyewe, tena mwenye kujua bei yake mpaka shilingi ya mwisho. Siku akipita juu ya jamvi la karafuu za watu zilizoanikwa, akazikanyaga na kuzitawanya, hana mwenyewe.

Hebu tujiulize, Waislamu. Hivi mali ikileta faida huwa ni yetu, na ikileta madhara huwa ni ya Mungu? Kwa mizani ipi ya dini tumeyapata haya?

Paka, mbwa na mizani ya akhera

Kwanza tuweke msingi. Uislamu haukumkataza mtu kufuga. Katika hadithi mashuhuri (Bukhari na Muslim) tunamwona Mtume (S.A.W.) akimwuliza kwa upole mtoto mdogo, Abu Umayr, habari za kijindege chake alichokuwa akicheza nacho. Wanavyuoni wametoa humo hukumu kwamba mtoto anaweza kuwa na ndege wa kumliwaza maadam hamtesi. Sahaba mkubwa Abu Hurayra (R.A.), aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, hata hilo jina lake la utani limetokana na kijipaka alichokuwa akikichukua. Na Abu Qatada (R.A.) aliinamisha chombo cha maji ya kutawadhia ili paka anywe. Aliyekuwa akimtazama alipostaajabu, akamfahamisha kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu (Abu Daud na Tirmidhi).

Kwa upande wa mbwa, dini imeweka mpaka ulio wazi. Ameruhusiwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Anayefuga nje ya haja hizo thawabu zake hupungua kila siku (Bukhari na Muslim). Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha kile wanachokamata wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Suratul Kahf, aya ya 18, imemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Kwa hiyo mkulima wa Micheweni au wa Kengeja anayeweka mbwa kulinda shamba lake hana sababu ya kujificha. Amefanya jambo lenye ruhusa.

Lakini ruhusa ina dhamana nyuma yake. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfunga, hakumpa chakula, wala hakumwachia akajitafutie mwenyewe (Bukhari na Muslim). Na akatufahamisha habari za mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kweli kuna malipo kwa wanyama, wakajibiwa kwamba kila chenye ini bichi kina malipo (Bukhari na Muslim).

Tazama mizani hiyo, ndugu yangu. Mwanamke wa paka hakuambiwa amemwua kwa fimbo. Kosa lake ni kumiliki bila ya kuwajibika. Basi huyu wa kwetu, anayetia vijipaka watano kwenye kiroba alfajiri na kwenda kuwamwaga sokoni ili asionekane, anadhani hadithi ile imeshuka kwa watu gani? Na anayemfunga mbwa mtini mchana kutwa juani bila kata ya maji, kisha usiku akataka alindiwe shamba, atajibu nini?

Imam Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, alizipanga haki za mnyama juu ya binadamu. Miongoni mwake ni kulishwa hata kama amezeeka au ni mgonjwa na hana tena faida kwa mwenyewe, kutobebeshwa asichokiweza, na kutochanganywa na kitakachomdhuru. Hayo yaliandikwa karne nyingi kabla ya kuanzishwa chama chochote cha kutetea wanyama huko Ulaya. Sisi ndio wenye urithi huo, na sisi ndio tunaoutupa jaani pamoja na vijipaka.

Somo lililoandikwa kwa kisiwa chetu

Wapo watakaosema, haya ni ya huruma tu, nasi tuna shida kubwa zaidi. Nawaomba wasikilize habari hii, maana ni habari ya roho za watu.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa umekwishaua watu katika kisiwa hiki. Ni ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa mgonjwa, akawa anaogopa maji na kuweweseka, takriban hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Ni wale wale tunaowatuma dukani na chuoni.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia ugonjwa huu hapa Pemba tangu mwaka 2010 hadi 2020. Watafiti walifuata nyayo za kila tukio: nani ameng'atwa, na mbwa gani, na mbwa huyo aling'atwa na yupi kabla yake. Wakapima na virusi vyenyewe maabara ili kujua nasaba yake. Wakagundua kwamba tangu mwaka 2010 zilikuwapo minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani kwa pamoja. Ikaletwa kampeni ya kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka. Mwanzoni ilisuasua, baadaye ikaimarika, na kila ilipoimarika, mbwa wagonjwa, watu walioumwa na watu waliokufa wakapungua. Kufikia mwezi wa Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Alhamdulillah, kisiwa kikawa salama.

Kisha tukafanya nini? Tukalala. Chanjo ikasita. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili, ukakuta mbwa hawana kinga, ukawaka upya. Ikabidi kampeni ya kisiwa kizima irejeshwe, na mlipuko ule ukazimwa Oktoba 2018. Watafiti hao wakakadiria kwamba kisiwa kikibaki salama, kila mwaka zaidi ya familia 30 za Pemba huepushwa na balaa la kung'atwa na mbwa mwenye kichaa.

Familia thalathini, ndugu zangu. Kila mwaka. Hiyo ni mitaa ya watu ninaowajua na unaowajua.

Somo hapa ni la aina mbili. La kwanza, balaa hili linaondoka, na si kwa pesa za kutisha. Limeondoka Pemba mara mbili. La pili, lilirudi kwa sababu ya kughafilika, na kughafilika hakukuwa kwa serikali peke yake. Chanjo inakuja shehiani na sindano. Haiji na mbwa. Mbwa analetwa na mwenyewe. Siku hiyo ikiwa kila mtu anasema mbwa si wake, bwana mifugo atamchanja nani? Wataalamu wanasema inatakiwa mbwa saba katika kila kumi wawe wamechanjwa ndipo ugonjwa ukose pa kupita. Hesabu hiyo haiwezi kutimia katika mtaa wa watu wanaokana mbwa wao.

Najisi isiwe kisingizio

Nimekaa katika baraza baada ya sala ya Alasiri nikasikia hoja inayorudiwa sana. Watu wanasema, mbwa ni najisi, sisi ni watu wa udhu, vipi tumshike mpaka kituo cha chanjo? Hoja hii ina sura ya uchamungu, kwa hiyo inastahiki kujibiwa kwa elimu.

Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, mbwa ni najisi nzito. Mahali palipoguswa naye kwa unyevunyevu panakoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama ilivyokuja katika hadithi ya chombo alicholamba mbwa (Muslim). Lakini wanavyuoni hao hao wamesema kikavu juu ya kikavu hakihamishi najisi. Mkono mkavu ukishika kamba kavu iliyofungwa shingoni mwa mbwa mkavu, hapana kilichoharibika. Na hata ukiloa, je, umekufa? Umepata najisi, na dini imekupa njia ya kuitoharisha. Maji yapo na udongo upo. Mtu anaitwa najisi kwa kukataa kujitoharisha, haitwi najisi kwa kuguswa.

Isitoshe, huyu asiyetaka kumgusa mbwa siku ya chanjo ndiye anayemrushia mabaki ya ugali kila jioni na kumpigia mluzi kila usiku. Udhu wake unamkumbuka siku ya wajibu tu.

Na tusichanganye mambo. Mambo ya tohara ni hukumu baina yako na sala yako. Kumzuia mnyama wako asimdhuru mtu ni haki ya mja, na haki za waja haziishi kwa istighfari peke yake. Utaomba msamaha kwa Mola wako, lakini baba wa mtoto aliyeng'atwa atakungoja kule kwenye mizani.

Hukumu ya Daud na Suleiman

Tukija kwenye suala la nani alipe, Qur'an haikutuacha gizani. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, tumetajiwa Mitume wawili, Daud na Suleiman (A.S.), wakihukumu kesi ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wameeleza kwamba Daud (A.S.) aliona mwenye shamba apewe wale kondoo. Suleiman (A.S.) akaona njia ya karibu zaidi na suluhu. Mwenye shamba awachukue kondoo anufaike na maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arejeshewe chake.

Zingatia, ndugu msomaji. Mitume wawili wa Mwenyezi Mungu, wafalme wenye majeshi, walikaa kuamua kesi ya mifugo iliyozurura. Sisi tunasema ni jambo dogo. Na katika hukumu zote mbili hakuna mahali mwenye kondoo alipoambiwa nenda zako, mnyama hana akili.

Mtume wetu (S.A.W.) naye aliamua kesi kama hiyo pale ngamia wa Baraa bin Azib (R.A.) alipoingia katika bustani ya mtu na kuiharibu. Alihukumu kwamba wenye mabustani wana jukumu la kuyalinda mchana, na wenye wanyama wanabeba dhamana ya kile wanyama wao wanachokiharibu usiku (Malik na Abu Daud). Ni kweli ipo hadithi nyingine inayosema jeraha la mnyama halina fidia (Bukhari na Muslim), na wapo wanaoishika hiyo tu. Lakini wanavyuoni wameifafanua kwamba hiyo ni pale ambapo mwenyewe hakufanya uzembe. Anayejua mbwa wake ni mkali, ameshang'ata mara mbili, na bado anamwacha njiani saa za watoto kutoka chuoni, huyo uzembe wake hauhitaji shahidi. Kanuni yetu inafahamika na wote: hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Na yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake, Mtume (S.A.W.) aliapa mara tatu kuwa hajaamini (Bukhari). Shari ya mbwa wako ni shari yako.

Sheria ndogo na wanaoisimamia

Hapa ndipo panapoingia mabaraza yetu. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya Zanzibar, Namba 7 ya mwaka 2014, mamlaka kama Baraza la Mji la Chake Chake, la Wete na la Mkoani zina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa ajili ya utulivu na usafi wa maeneo yao. Kuzuia mifugo isizurure mjini ni katika mambo hayo. Wapo wanaosema hizi ni sheria za kidunia hazituhusu. Namwuliza msemaji huyo, sheria inayomtaka mwenye mbuzi amfunge mbuzi wake asile mboga za mjane imegongana na aya gani? Suratun Nisaa, aya ya 59, imetuamuru kumtii Mwenyezi Mungu na Mtume na wenye mamlaka, na utii kwa wenye mamlaka ni katika lililo jema. Ikiwa hili si jema, basi jema ni lipi?

Historia yetu pia inashuhudia. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, ofisa wa kusimamia masoko, mizani, njia na usafi. Imam Mawardi, naye pia ni wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 450 Hijria, aliandika kwamba katika kazi za muhtasib ni kuwabana wenye wanyama wawalishe na wasiwatumikishe kuliko uwezo wao. Maana yake ni kwamba ofisa wa baraza anayekagua mifugo mtaani anafanya kazi ambayo babu zetu wa Baghdad waliijua miaka elfu moja iliyopita. Ni kazi ya hisba. Ni kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Lakini, na hapa naomba ndugu zetu wa mabaraza wanisikilize nao, hisba ina adabu zake. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni uadilifu. Sheria isimkamate mbuzi mmoja wa mama muuza vitumbua, huku ng'ombe wa mkubwa wakipita barabarani mchana na dereva wa daladala akiwasubiri kama wageni rasmi. Mtume (S.A.W.) alipoombewa mwanamke wa ukoo mkubwa aliyeiba asiadhibiwe, alikasirika, akasema kilichowaangamiza waliotangulia ni kuwaachia wakubwa na kuwaadhibu wanyonge (Bukhari na Muslim). Faini isiyomfika mwenye cheo haiitwi sheria. Ni dhulma iliyopigwa muhuri.

Ya pili ni kutangaza kabla ya kuadhibu. Mwenyezi Mungu mwenyewe ametuambia katika Suratul Israa, aya ya 15, kwamba haadhibu mpaka apeleke Mtume. Basi baraza nalo lisitoe faini kwa sheria ambayo haijabandikwa kwa sheha, haijasomwa msikitini, wala haijaelezwa kwa Kiswahili cha watu. Na mnyama aliyekamatwa akawekwa zizini apewe maji na majani. Yeye hakuvunja sheria, aliyevunja ni mwenyewe.

Ya tatu ni kuacha njia ya kuua ovyo. Kila linapotokea tatizo la mbwa, zinasikika sauti za kutaka watiliwe sumu wote. Mbwa mwenye kichaa au aliyethibitika kuwa mkali ana hukumu yake, na Mtume (S.A.W.) amemtaja mbwa mng'ataji katika wale wanaouawa hata katika ardhi ya Haram (Bukhari na Muslim). Lakini kuhusu mbwa wote, imepokewa kwamba alisema lau si umma katika umma mbalimbali angeamuru wauawe (Abu Daud na Tirmidhi), naye akaacha. Suratul An'aam, aya ya 38, imewaita wanyama umma mfano wetu. Wataalamu wa afya nao wanasema kuua mbwa ovyo hakukati mnyororo wa kichaa. Wanaouliwa mara nyingi ni wale waliokwishachanjwa na wanaokamatika kwa urahisi, kisha nafasi zao hujazwa na wengine wasio na kinga. Kilichosafisha Pemba mwaka 2014 na 2018 ni chanjo. Tena sumu iliyotupwa njiani haiulizi kama aliyeiokota ni mbwa, ni kuku wa mtu au ni mtoto.

La kufanya

Ndugu zangu, mawaidha yasiyo na kazi ni upepo. Basi nayaweka haya mbele yenu.

Mwenye mbwa amkiri mbwa wake. Amfunge mkanda au kamba shingoni ajulikane, ampe chakula na maji, amzuie asizurure saa za watu, na siku ya chanjo ampeleke kwa mkono wake. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu (Tirmidhi). Tazameni mfano uliochaguliwa: mnyama, na kamba.

Mwenye paka asizalishe asiowaweza, kisha akawatupa. Mwenye mbuzi na ng'ombe awe na zizi au kamba, na akiharibu mali ya jirani aende yeye kwanza kuomba radhi na kulipa, kabla jirani hajafika kwa sheha. Ujirani mwingi kisiwani humu umevunjika kwa mbuzi mmoja, na kesi ikishafika kwa sheha huwa haimhusu mbuzi tena.

Mtoto au mtu mzima aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, na azimalize sindano zake zote. Asingojewe mpaka mbwa aonekane kama ni mzima. Asipakwe mafuta ya taa wala majani. Dua isomwe, na kombe linywewe kwa anayetaka, lakini Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu (Abu Daud na Tirmidhi), na dawa ya huyu ipo. Suratul Baqara, aya ya 195, imetukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Kumchelewesha mtoto aliyeng'atwa ni kumtupa kwa mikono yetu.

Maimamu wetu watusaidie. Siku ya chanjo itangazwe baada ya sala ya Ijumaa kwa kipaza sauti kile kile kinachotangaza maiti. Afadhali tutangaze chanjo kuliko kungoja kutangaza jeneza. Walimu wa vyuo nao wawafundishe watoto mambo mawili: wasiwapige mawe mbwa na paka, na waking'atwa wasifiche kwa kuogopa kugombwa.

Na wewe jirani, ukimwona mbwa mtaani anayeyumba, anatoka mate na kung'ata kila anachokikuta, usipige soga. Mjulishe sheha na bwana mifugo. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba anayeiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Huenda nafsi hiyo ni ya mtoto usiyemjua wa mtaa wa pili.

Kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga (Bukhari na Muslim). Hadithi hii tumezoea kuifasiri kwa watawala na wazazi, na ni sawa. Lakini neno lenyewe limetoka kwa wanyama. Mchunga ni mwenye kuchunga. Basi tukiwa hatuwezi kujibu mbele ya sheha swali jepesi la mbwa huyu ni wa nani, tutayajibu vipi yale mazito yaliyo mbele yetu?

Namwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atufanye katika wenye kukiri amana zao na kuzitekeleza, awalinde watoto wetu, na aijaalie Pemba na miji yote ya Waislamu iwe ya amani kwa watu wake na kwa wanyama wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.